Mikono ya Mdakaji Wetu

Nilipokuwa mtoto pale Smithfield niliambiwa kwamba mikono ya mdakaji wetu imeshauzwa, ila miguu bado ni yetu mpaka msimu uishe. Nikaamini. Aliyesema ni mzee wa viti, na mzee wa viti alikuwa amefundisha shule ya msingi Uvira, kule Kongo, kabla hajaja Sydney kutufundisha sisi kupanga viti vya kanisa. Ungemwona mdakaji mwaka ule, rafiki yangu, nawe ungeamini. Mtu ambaye zamani angedaka hata ndege anayeruka, sasa anaangusha mpira aliokabidhiwa kifuani! Maelezo gani mengine yangetosha? Mikono ilikuwa ya watu wengine, basi. Ilikataa kutufanyia kazi.

Niliyakumbuka haya juzi, kwenye chumba cha chai cha ghala ninakofanya kazi, Wetherill Park. Vijana wawili wameinamia simu wanabishana juu ya mchezaji aliyesaini timu nyingine huku bado anavaa jezi ya kwao. Mmoja akasema, ah, ni biashara tu. Biashara! Chai ilinipalia nusura nizikwe na kikombe. Mimi nimesoma shule ya jioni baada ya kupakua makontena kutwa nzima, na somo la mikataba nililifaulu huku nasinzia, lakini hajatokea mwalimu wa kunieleza kwa nini nchi nzima inalikubali jambo hili bila kuandamana.

Kama hujaishi huku, futi, mpira wanaoupenda watu wa huku, si ule wa duara. Huu una umbo la papai, unabebwa mikononi, na wanaume wenye shingo pana kuliko mlango wa friji wanagongana kuugombea. Kila mara mmoja anaupiga juu hadi mawinguni, na hapo ndipo unapomhitaji mdakaji: mtu wa pembeni, mwepesi, anayesimama chini yake huku majitu yanamjia mbio, naye hayatazami majitu, anatazama mpira. Wetu alikuwa Mkongo kama sisi, aliyeletwa na mama yake akiwa mdogo, mtu wa kwanza kati yetu kuonekana kwenye televisheni kwa jambo jema. Na sheria za mchezo huo zinamruhusu mchezaji katikati ya msimu kutia saini kwa watu wengine kwa ajili ya mwaka ujao, kisha Jumamosi anakuja kukuchezea wewe kama kawaida, na wewe unatakiwa kupiga makofi.

Tulikuwa na ibada ya Kiswahili Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya kiwanda cha mabati. Wakongo, Warundi, Wakenya, na Mtanzania mmoja aliyekuwa akitusahihisha sote. Sharti la mwenye ukumbi lilikuwa moja: kabla hamjatoka, viti vyote vipangwe ukutani na sakafu ing'ae. Hapo ndipo bunge letu lilipokuwa. Sijawahi kuona watu wanaobishana vile, kila mmoja na kiti chake mkononi. Mtu akipata hoja, kiti kinabaki hewani mpaka hoja iishe. Jikoni akina mama wanafunika sombe, kisamvu chetu cha mawese, mandazi ya iliki ya Wakenya yanapita kwenye sinia, sabuni ya sakafu inakuchoma pua, na viti vya plastiki vinalia tak-tak-tak. Mpaka leo nikisikia viti vinapangwa mahali popote, njaa inaniuma.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kupiga deki, na tulipiga deki kama watu wanaofukuzwa, kwa sababu nje kwenye majani mdakaji alikuwa anatusubiri. Timu yake ilipokuwa na nafasi alikuja ibadani, na baada ya ibada alitufundisha. Aliuchovya mpira kwenye ndoo yetu ya deki uteleze kama kambare, kisha akaurusha juu. "Usiunyang'anye," alikuwa akisema, kwa Kiswahili chake kilichopinda kwa kukulia huku. "Upokee. Kama mtoto anayekurukia kutoka kitandani." Sisi tulimjibu kwa Kiingereza, naye akaendelea kwa Kiswahili, na mipira ikatupasua midomo, na hakuna aliyelia. Shuleni tulikuwa watoto wa wakimbizi. Pale kwenye majani tulikuwa watoto wa mdakaji. Angeondoka, tungerudi kuwa wale wa kwanza.

Kwa hiyo habari ilipofika kwamba amesaini kwa timu ya Queensland, jimbo la jirani, ukumbi ulitetemeka.

"Ngoja kwanza," alisema mzee wa viti, kiti begani. "Mutu anakula kwako, analala kwako, na tayari ameposwa kwa jirani? Hiyo kontra, huo mkataba, iko ya namna gani?"

"Ndiyo sheria yao, mzee," baba akasema.

"Sheria! Weye unatetea?"

"Sitetei. Nasema tu."

"Unasema kama mutu anayetetea!"

"Aki nyinyi wanaume," nesi akadakia kutoka mlango wa jikoni. Nesi alikuwa Mkenya, anakuja ibadani na sare ya hospitali chini ya leso, macho mekundu ya zamu ya usiku. "Hivyo viti vitajipanga vyenyewe?"

"Mama, tuko na msiba hapa!"

"Msiba ukiisha, mfagie."

Basi hiyo ndiyo Jumapili ambayo mzee wa viti alitufafanulia sisi watoto habari ya mikono. Amesaini kwa kitu gani? Kwa mkono. Basi mkono ni wao. Anakimbia kwa kitu gani? Kwa miguu, na miguu haijasaini kitu. Hata baba, mtu mzima mwenye leseni ya forklifti, aliweka kiti chake chini akiwaza kama haiwezekani kweli.

Na wazee wetu, ewe rafiki, hawakuwa watu wa kunung'unika tu. Walikaa wakaamua kwamba klabu imefanya hivi kwa sababu hakuna aliyekwenda kuzungumza nayo kwa heshima. Kijana ana watu wake. Kama anaposwa, watu wake wasikilizwe! Kwa hiyo ukapangwa ujumbe, kama ule wa kwenda ukweni: suti zilizopigwa pasi mpaka zinakata, pisi nzima ya kitenge kwa mke wa mwenyekiti wa klabu, na kreti ya soda. Baba alitaka na mbuzi. Nesi akamwuliza kama anajua jela za huku zinafananaje, mbuzi akaondolewa.

Ilikuwa likizo ya shule, nami nikachukuliwa nikamate upande mmoja wa kreti. Pale ofisi za klabu, msichana wa mapokezi alikuwa na tabasamu zuri sana. Mzee wa viti alisimama mbele yake, akakohoa, akaanza mbali kabisa, kwa ukoo wa kijana na mto walikotoka, baba akifasiri. Hotuba ilipomfikia babu yake, simu ililia, msichana akaomba radhi. Aliporudi alishukuru kwa kitenge, akakichukua kwa mikono miwili, akasema kitapendeza sana kwenye bahati nasibu ya kuchangia watoto wagonjwa. Kisha akatuelekeza duka la mashabiki.

Tulirudi nyumbani kila mzee na skafu shingoni, kwenye joto linaloyeyusha lami. Kitenge cha posa kimepelekwa kwenye bahati nasibu! Mpaka leo nikikumbuka, sikio la kushoto linapata moto. Uwasikilize basi watu, angalau! Mzee anakutajia babu wa mtu, wewe unamwuzia skafu!

Jumapili iliyofuata hasira ilikuwa imefika darini. Hakuna kiti kilichopangwa. Mzee wa viti alikuwa amesimama juu ya kimoja, mwenyewe aliyekataza watoto kufanya hivyo. Wakenya wanataka tususie mechi zote, Warundi wanataka twende tena na mchungaji, Mtanzania anasahihisha neno "kususia". Ndipo mdakaji akaingia. Alisimama karibu na mlango, begi la safari miguuni, akainua mkono kidogo kama mwanafunzi.

"Wazee, mimi nilitaka kusema..."

"Kaa, mwanangu!" mzee wa viti akanguruma kutoka juu. "Usiseme kitu. Sisi ndio tunakupigania!"

Watu wakapiga makofi. Mdakaji akakaa. Nesi akamletea sahani ya sombe, akala kidogo, na mjadala ukamjaa kichwani kama mvua juu ya bati. Alijaribu tena mara moja, baba akamwekea mkono begani na kumwambia asihofu, bado hatujashindwa. Baadaye nilitazama nikaona kiti chake kitupu. Nje kwenye majani mpira ulikuwa juu ya ndoo yetu, umefutwa ukakauka. Alituachia.

Sasa ukumbi ule ni mahali pa kunyanyua vyuma, wana kioo ukutani pale tulipopanga viti. Kiwanda cha mabati kimehama. Watu wetu wametawanyika kufuata nyumba zenye ua, wengi hadi Penrith, pembezoni kabisa mwa mji, na ibada ziko tano mahali tano, zote na viti vilivyokazwa sakafuni. Mzee wa viti amelala kwenye makaburi ya huku, mbali na Uvira yake, na skafu ile walimzika nayo, usicheke. Watu bado wanabishana kuhusu mikataba, lakini kila mmoja na simu yake, kwenye treni, kimya, vidole tu. Hasira isiyo na kiti mkononi ni hasira gani hiyo? Mimi niliendelea kuilisha yangu. Zaidi ya miaka ishirini nimeichukia klabu ile iliyomuuza kijana wa watu, na kila shabiki wake ninayefanya naye kazi nimemsomea mashtaka yote, kuanzia kitenge.

Baada ya ile chai ya juzi nilikwenda kumsalimu nesi. Amestaafu, anakaa Penrith, ana kibaraza na kunde zake uani. Alikuwa anapepeta kunde kwenye ungo, nikamsaidia, na mdomo wangu haukunyamaza: biashara, mikono, posa, wahuni wale. Aliniacha niseme mpaka pumzi ikaisha. Kisha akapuliza maganda.

"Hakuuzwa, mwanangu. Mama yake alihamia kule kwa dada yake, akaugua figo. Kijana alikuwa akisafiri kila wiki kwenda kumwona, hapati usingizi, ndiyo maana akawa anaangusha mipira. Akaiomba klabu imwachilie, ikamwachilia. Siku ile alikuja kutuaga. Nyinyi mlikuwa mnapiga kelele."