Paka Aliyezima Chetezo cha Qaali

Wapangaji wa ploti ile ya Machakos mjini hawakuhitaji saa ya jioni. Unsi wa Qaali ukianza kunukia, basi jua limeshuka. Unsi ni ubani uliopikwa na sukari na manukato, Wasomali hufukizia nyumba baada ya chakula, na Qaali alikuwa na mkono mzito. Alifukiza kitanda, akafukiza mapazia, akafukiza hata leso alizouza dukani, mpaka mtu akipita sokoni na leso mpya watu wanajua kainunua kwa nani.

Mumewe, Nur, alikuwa mnunuzi wa mbuzi, mtu wa kushinda minadani. Enzi za uhai wake Qaali alimpokea mlangoni na chetezo mkononi kabla hajavua viatu, kwa maana harufu ya beberu haina adabu, na jirani yake Wayua alisikia malalamiko juu ya beberu huyo miaka nenda miaka rudi. Kisha Nur akafariki, binti yao Hani akiwa ameshaolewa mbali. Beberu hakuwepo tena, Nur hakuwepo, lakini chetezo kiliwashwa vilevile, tena kwa moshi zaidi. Koti lake zito la kahawia lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Qaali hakuligusa. Akipita hapo alitazama upande wa pili.

Paka aliingia mwezi wa Julai, mwaka mmoja baada ya zile mvua za El Nino, wakati baridi inashuka kutoka vilima vya Iveti na kuingia mifupani. Qaali alimkuta asubuhi dukani, mtoto wa paka wa kijivu, amelala juu ya bando la leso kama aliyelilipia. Akajiambia atamfuga kwa sababu ya panya. Uongo mtupu! Panya wa duka lile walikuwa wakubwa kuliko yeye. Alimchukua kwa sababu alipomwinua, kile kiumbe kilimshika kidole kwa kucha zote kikakataa kuachia, na ilikuwa muda mrefu tangu mtu yeyote amshike Qaali hivyo.

Haikuchukua muda paka akaanza kupiga chafya. Macho yakagandamana kwa tongo, pua ikaziba, akawa anapumua kwa mdomo. Wayua, muuza maharagwe wa chumba cha pili, alichungulia akatoa hukumu kwamba huyo ni wa kufa. Qaali hakumsikiliza. Alifanya kile ambacho mama yake angefanya, na bibi yake pia: aliongeza unsi. Kwao mzazi hufukizwa, mgeni hufukizwa, mgonjwa hufukizwa. Sasa huyu aliye mgeni na mgonjwa kwa pamoja, atakosaje? Akaweka chetezo kando ya boksi alimolala paka, akafunika juu kwa leso ili moshi usipotee bure. Paka akakohoa mwili mzima ukatikisika. Qaali akaona dawa inafanya kazi, akaongeza kaa la moto.

Asubuhi paka hakuinua kichwa. Hapo ndipo Qaali alipotuma watu wamwite Festus, daktari wa mifugo aliyekuwa akichanja mbuzi wa Nur. Festus alikuja akidhani ni mbuzi. Alipoonyeshwa boksi alicheka, na alipopiga magoti akaacha kucheka. Alinusa chumba, akatazama chetezo, akamtazama mwenye nyumba.

“Mama, huyu ako na mafua ya paka,” akasema. “Hiyo inaweza kupona. Lakini huu moshi wako ndio unammaliza.”

Qaali alikaa kitandani. Festus akamweleza polepole: mvuke wa maji ya moto, si moshi. Macho na pua vipanguswe kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Dawa ya matone atamwachia. Apate joto, na asikaribiane na paka mwingine, kwa kuwa ugonjwa huu husafiri hata kwa mikono na nguo. Na juu ya yote, paka hali asichoweza kunusa. Pua isipofunguka hatakula, na asipokula, basi.

“Na chetezo?” Qaali akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

“Kizime, mama.”

Mtu wa nje atasema, moshi tu, kuna nini? Lakini jioni ile Qaali alisimama na kikombe cha maji mbele ya yale makaa kwa muda mrefu. Kuyazima ilikuwa ni kukubali kwamba hakuna tena wa kupokewa mlangoni. Paka akakoroma ndani ya boksi. Qaali akamwaga maji.

Wapangaji waliulizana kulikoni, mbona hakunuki. Qaali hakuwa na nafasi ya kuwajibu. Duka alilifungua akijisikia. Alikuwa chini ya leso na beseni la maji ya moto, paka kifuani, wote wawili wanatoka jasho kama watoto wenye mafua. Wayua naye alikuwa na paka wake, jitu moja liitwalo Simba, kwa hiyo alipigwa marufuku mlangoni. Supu ya dagaa wa omena aliipitishia dirishani, huku akinung'unika kwamba hata mwanawe Ndunda hakulelewa hivi. Qaali alitenga leso moja ya chumbani, na akitoka aliosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko.

Paka hakula. Omena ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Lakini kule chini ya leso Qaali aliweka sikio kwenye zile mbavu, akasikiliza. Ndani ya kifua kisichojaza kiganja, kulikuwa na kitu kinavuta. Kinavuta, kinakwama, kinavuta tena. Nur alikuwa na kifua kipana kama mlango na aliondoka mchana mmoja tu. Huyu hapa, hana hata uzito wa kikombe cha maharagwe, anakataa. Nani aliyemfundisha kukataa hivyo? Subhanallah, Qaali akanong'ona.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu, na paka akawa baridi miguuni. Jiko halingeweza kuingia mle kwa sababu ya moshi, na leso ni nguo nyepesi. Kitu kizito chumbani kilikuwa kimoja. Qaali alilitoa koti msumarini bila kulitazama, akamviringishia paka, akakaa nalo mapajani.

Alihisi kabla ya kuona. Kichwa kiliinuka. Pua ndogo, yenye magamba, ilicheza. Paka alinusa ukosi, akanusa mkono wa koti, akachimba kwapani, akanusa tena kwa pupa. Halafu akalia, sauti imekauka, ya mwenye njaa. Qaali alisogeza bakuli, na paka akatumbukiza uso mzima kwenye omena.

Qaali akacheka peke yake. Kisha akajiuliza huyu amenusa nini, akainama, akaweka pua palepale.

Beberu. Vumbi la mnadani. Jasho la shingo. Na chini ya hayo yote, Nur mwenyewe, mzima, kana kwamba ametoka kuingia. Miaka yote alimfukizia mlangoni, na alipofariki akafukizia nyumba nzima akilia kwamba hakuna kilichobaki cha Nur.

“Mama Hani,” Wayua aliita dirishani, “amekula?”

Qaali hakuinua uso kutoka kwenye koti.

“Amekula,” Qaali akasema. “Mama Ndunda, bado linanuka beberu.”

 Wayua aliweka bakuli la supu kwenye kizingiti cha dirisha, akasimama palepale akimsubiri ainue uso.