Baba mkwe hatajwi

Juzi, katika maktaba moja hapa ughaibuni, North York, nilikaa karibu na mama mmoja Mrundi na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu. Mwana alifungua tovuti ya chama cha historia, yenye picha za wamisionari waliotoka huku kwenda kwetu zamani, pamoja na wenyeji waliowapokea.

"Mama, babu aliitwa nani? Nataka nimtafute."

"Ni baba mkwe wangu huyo. Jina lake silitaji."

"Si alishakufa?"

"Alikufa. Mimi nimeacha kuwa mke wa mwanawe?"

Kwao mke halitaji jina la baba mkwe, wala hamkazii macho. Mwana akashusha pumzi, akaanza kupekua picha moja moja. Ikatokea ya mzee mrefu mbele ya kanisa. Mama akavuta kitenge kichwani, akainamisha uso, akasogeza kiti nyuma.

"Umechoka, Mama?"

"Hapana."

Mwana akasoma maandishi ya chini: mwenyeji, jina halijulikani.

"Hata huyu hawamjui. Twende zetu."

Wataalamu wa huku, jina wasipolipata, huandika kuwa halijulikani. Hawajafikiria kuwa linaweza kujulikana kupita kiasi. Mama aliinuka, akaondoka kinyumenyume, asiipe kompyuta mgongo.