Kiharusi Kilivyonifundisha Kukaa

Mimi ni fundi wa mageti. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini sijawahi kuajiriwa na mtu. Mtaani Ziwani kuna mageti niliyochomelea nikiwa kijana na hayajalegea hata bawaba. Nimejilisha kwa mkono huu wa kulia, na ndio uliokufa.

Nilianguka kwa karakana yangu Majengo, asubuhi, kabla sijawasha mashine. Kichwa kilikuwa kimeniuma siku nyingi, mimi nameza tu vidonge vya dukani. Nilitaka kuita, mdomo ukaenda upande. Nikajikojolea mbele ya wateja. Hospitalini daktari, msichana rika la mtoto wangu wa mwisho, aliniambia ni kiharusi, na presha isiposhuka kitarudi kunimaliza.

Nyumbani nikawa wa kulishwa. Mke wangu, Mama Wambui, alininywesha uji, unarudi kidevuni. Alinifungua suruali, akanifunga. Siku moja nilimsikia mlangoni akimjibu jirani aliyeniulizia: "Yuko. Anakaa tu." Huku kwetu hivyo ndivyo husemwa juu ya mtu asiye na kazi. Niligeukia ukuta nikalia, mate yakilowesha mto.

Dawa nilimeza zote. Lakini kila nikifumba macho moyo unadunda mpaka shingoni, nangoja kiharusi cha pili. Presha ikakataa kushuka. Daktari akasema hofu nayo inaipandisha, nijifunze kutulia. Sikujua mtu hutulia vipi.

Mama Hansa, Mhindi mzee wa Ngara niliyewahi kumtengenezea geti, akaja kunijulia hali. Akanikuta nahema. Aliniuliza kama naweza kukaa. Nikamjibu kwa hasira kwamba sina kazi nyingine siku hizi.

"Hapana, fundi," akasema. "Wewe umelala, kichwa kinakimbia. Kukaa ni kazi. Mimi nafanya tangu msichana, na bado najifunza."

Akaniweka kwenye kiti, mgongo wima, si sakafuni kama wao, kwa sababu miguu yangu haikunjiki. Akawasha taa ndogo ya samli. Akaniambia pumzi ikiingia niseme moyoni "so", ikitoka "ham". Nilipomuuliza maana, akasema kwa dini yao ni kama kusema mimi ndiye Yule, yaani Mungu.

Mama Wambui hakungoja mgeni ashuke ngazi. "Baba Wambui, sasa tunaabudu taa?"

Nilimwambia Mungu anajua ninachotafuta. Taa niliiacha. Neno nikabaki nalo.

Lakini nilikosea kama fundi. Pumzi niliikamata kama chuma, meno nimeuma, nataka kuishinda. Kizunguzungu kikanishika nikaanguka na kiti. Mama Hansa aliposikia alicheka mpaka akajifuta macho. "Usiichomelee, fundi. Iache ipite."

Nikakaa kila alfajiri, kabla mikokoteni ya maji haijaanza kelele. Nilisinzia. Nilitukana. Nilifikiria wateja waliohamia kwa fundi mwingine. Kila nikipotea narudi kwa so, kwa ham. Kisha asubuhi moja hofu ikaja yote, moyo shingoni, mkono unaning'inia kama kitambaa. Sikuwa na nguvu ya kupigana wala ya kukimbia. Nikaiacha. Ikadunda, ikadunda, ikapungua yenyewe. Mimi sikufanya chochote.

Polepole presha ikaanza kushuka. Daktari akasema, "Mzee, endelea na hiyo kitu yako, na dawa usiache hata siku moja." Sijaacha.

Nawashukuru hao wanawake watatu. Mama Wambui siku hizi hukaa kando yangu na Biblia yake, midomo inacheza.

Wewe uliyelala mahali na mwili haukusikii, sikudanganyi. Mkono wangu haujarudi, na kukaa hakutaurudisha. Meza dawa. Kaa kila siku, hata kidogo, hata vibaya. Usingoje kwanza uache kuogopa. Leo alfajiri nimeogopa, na nimekaa.