Kiti cha Kushoto

Gari la mashindano lina viti viwili. Nyuma hakuna kitu, ila mabomba ya chuma yaliyochomelewa ili gari likipinduka paa lisitukalie kichwani, na tairi la akiba lililofungwa kwa mikanda. Kulia anakaa dereva, ambaye ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Kushoto nilikuwa nakaa mimi. Watu wa Mbinga walituona tukipita wakadhani mimi ni abiria. Mmoja pale stendi aliwahi kuniuliza nauli ni kiasi gani.

Mimi nauza vipuri vya mtumba. Nilikwenda kwa shemeji kumuuzia matairi manne, akawa hana hela, nikamwachia ili niwe na robo ya gari. Baadaye nikaleta shokapu, redieta na mlango mmoja, robo ikawa nusu. Timu yetu ikawa hiyo: watu wawili na gari moja la Kijapani ambalo lingekuwa mtu lingekuwa limeshapiga kura mara kadhaa. Fundi na dereva ni yeye. Meneja na msoma ramani ni mimi.

Kazi ya msoma ramani si kusoma ramani. Siku chache kabla ya mashindano mnapita njia polepole. Mara ya kwanza naandika kila kona kwenye daftari: kulia kali, kushoto laini, mita hamsini, kalavati, usikate. Mara ya pili tunarudia palepale, nasoma kwa sauti, dereva anasema ndiyo au siyo. Siku yenyewe anakimbia kwa kunisikiliza, maana vumbi na kasi havimpi nafasi ya kufikiri. Kazi hiyo ilinifaa. Mimi chenji nahesabu mara mbili, na nati za magurudumu vilevile. Siku moja tukiwa Iringa, dakika kumi kabla ya kuondoka, nilihesabu nati za gurudumu la nyuma nikapata nne. Nikarudia. Nne.

"Nne zinatosha, shem," alisema.

"Na mkono wako una vidole vinne?"

Ya tano tuliikuta mfukoni mwake.

Mfadhili wetu alikuwa mnunuzi wa kahawa. Misimu miwili alitulipia ada na mafuta, sisi tukaandika jina la biashara yake milangoni. Msimu wa tatu biashara ikayumba. Nilipompigia alisema, "Nitakupigia." Mimi ni mtu wa sokoni. Mteja akisema atakupigia, unarudisha mzigo rafuni.

Gari lilikuwa linalala kwenye banda la baba yake shemeji, mzee wa kahawa. Banda lile msimu ukianza ni la kahawa, na kahawa mwaka huo iliwahi kuiva. Mzee akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hili gari linaliwa?"

"Haliliwi, mzee."

"Linakobolewa?"

"Halikobolewi."

"Basi mavuno yakianza litoke."

Hatukuwa na pa kulipeleka wala mafuta ya kulipelekea. Ndipo akatokea mtu wa skrepa kutoka Songea. Alilizunguka gari kama mnunuzi wa ng'ombe, akaligonga ubavuni, akalala chini kutazama uvungu. Alisema angekuja na kirikuu, pikapu yake ndogo, Jumapili ya pili kutoka siku ile, achukue injini, giaboksi na ekseli, na bodi aikate vipande. Shemeji aliingia ndani na hakutoka mpaka yule mtu alipoondoka. Alikuwa anajua mambo mawili duniani, gari na kahawa, na kahawa ilikuwa ya baba yake.

Tukawa na siku kumi na tatu. Nilihesabu kwenye kalenda ya parokia, nikarudia kwenye simu.

Nilikwenda kwa paroko. Alituombea, kisha akauliza kama gari linaweza kubeba saruji. Nilikwenda kwa mtumishi mmoja wa halmashauri, mgeni wa mkoa mwingine, aliyewahi kupiga picha na gari letu akiwa ameegemea boneti kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha. Alisema bajeti imeshapita, lakini picha bado anayo.

Akabaki mama mmoja wa Mbamba Bay, mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Lori lake hupanda milima kila wiki kupeleka usipa magulioni. Tuliwahi kukutana naye njiani, akachungulia dirishani akasema, "Kumbe lile linalokohoa ni hili." Kwa timu iliyo katika hali yetu, huko kulikuwa kufahamiana.

Tuliteremka ziwani kwa mafuta ya kukopa. Tulimkuta ufukweni kati ya vichanja, anageuza usipa kwa mkono na kutupa pembeni waliovunjika. Tulimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nikaanza maelezo yangu kama muuzaji yeyote, kwa kusifu mali. Nikamweleza kasi, nikamweleza umati unaojaa njiani, nikamweleza jinsi jina la biashara yake litakavyoonekana likipita.

"Likipita kwa kasi hiyo," alisema, "nani atalisoma?"

Shemeji akatazama ziwa. Nikabadilisha njia, nikaanza kueleza tunavyofanya kazi ndani ya gari.

"Wewe unakaa wapi humo?" akaniuliza.

"Kiti cha kushoto, mama. Namsomea kona."

"Kwani yeye haoni?"

"Anaona aliyonayo. Mimi namsomea inayofuata."

Hapo aliacha kugeuza samaki. Alitutazama wote wawili, akafuta mikono kwenye khanga.

"Mimi usipa sinunui kwa kuelezwa. Naushika. Jumamosi nina mzigo Matiri. Nitakaa hapo kushoto, huyu kijana anipeleke, ndipo niseme neno."

Sikuona ubaya. Niliona nimeshauza.

Siku mbili kabla ya Jumamosi tulikwenda kwenye njia ya vumbi kati ya Kitai na Matiri, ambako tuna kawaida ya kufanyia mazoezi kwa ruhusa ya viongozi wa vijiji. Niliandika kutoka Kitai, chini, kupanda Matiri. Mara ya kwanza nikaandika, mara ya pili nikahakiki. Daftari likawa safi, na nikampa shemeji ili mama amsomee, aone kazi inavyofanywa na watu wenye utaratibu.

Jumamosi asubuhi shemeji alitangulia Matiri kumchukua mama amlete Kitai, ili waanze kupanda saa tatu kamili. Mimi nilibaki chini na simu mbili za kupimia muda. Bodaboda tuliowaomba walikuwa wameshazuia njia pande zote. Saa tatu kasoro dakika kumi simu ikaita.

"Shem, mama anasema tuanzie huku huku juu."

"Daftari linaanzia huku chini!"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Anasema barabara ni ileile."

"Mwambie kulia inakuwa kushoto, mteremko unakuwa mlima, hakuna neno hata moja linalobaki mahali pake. Lifungue umwonyeshe."

"Daftari amelikalia, shem."

Nikawaarifu bodaboda. Saa tatu kamili nikabonyeza simu zote mbili, nikasimama njia panda nikisikiliza. Niliwaza mambo mawili. La kwanza, wasipinduke. La pili, akiogopa njiani atakataa kutusaidia, na kosa litakuwa langu kwa kuandika upande mmoja tu. Kuhesabu mara mbili kote kule, na mara zote mbili nilikuwa natazama mbele.

Nilisikia kikohozi cha injini kabla ya kuona vumbi. Walipita mstari, nikabonyeza. Muda wetu bora wa kuteremka njia ile naujua kwa kichwa. Nikatazama simu ya kwanza. Nikatazama ya pili. Walikuwa wametupita kwa sekunde kumi na moja, na simu zilikubaliana.

Shemeji alitoka anacheka, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu yule mtu wa skrepa aje. Mama alichelewa kutoka. Kiti kilikuwa kimembana kiunoni mpaka mbavuni, ikabidi tumvute wawili. Kofia ngumu ilikuwa kichwani, kilemba mkononi.

"Anaendesha vizuri," alisema, "ila breki anaikanyaga kama anaua mende."

"Shem," alisema shemeji, "hajasoma hata neno. Amekuwa ananiambia tu. 'Hapa gunia huanguka upande wa kushoto.' Nikajua kona ni ya kulia, tena inazidi kukaza. 'Hapa kondakta hushuka kusukuma.' 'Hapa tulilala siku mbili.' Pale kwenye tambarare akasema, 'Hapa hata mayai hayavunjiki,' basi nikakanyaga mafuta mpaka mwisho."

"Na kalavati jipya?"

"Alilitaja. Alisema lori lake lilikuwa la kwanza kulipita."

Tulikwenda kunywa chai pale Kitai, kwenye kibanda kinachotazama mabasi. Mama aliagiza chapati mbili, akala moja, akazungumza.

"Nalipia mashindano ya Iringa tu. Ada, matairi, mafuta. Na gari likalale kwenye ghala langu pale Mbinga. Baada ya hapo tutaona."

Moyo wangu ulishuka mahali pake. Kisha akamalizia, "Na kushoto nakaa mimi."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Mama, pale kuna kazi."

"Nimeifanya leo. Au simu zako zimesema vingine?"

"Njia hii unaijua. Iringa hujui."

"Nitapita polepole kama mnavyopita nyie. Unadhani Matiri nilizaliwa naijua? Mwanangu, miaka yote nimekaa kwenye lori katikati ya dereva na kondakta, magoti yamekunjwa, nimenyamaza. Kona naziona kabla yao. Nikisema, wanasema mama tulia. Leo nimesema, mtu akafuata."

Nikaingia kwenye biashara, maana ndiyo lugha yangu. Nilimwambia akae yeye mashindano haya, mimi yajayo.

"Yajayo hayapo. Yapo haya."

Nilimwambia basi tugawane siku, yeye ya kwanza, mimi ya pili.

"Kwenye basi nikilipa nauli, nakaa. Hapa nalipia gari zima, nisimame?"

Nilimtazama shemeji anisaidie. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Gari ni nusu yangu, bila neno langu haliendi popote, naye alilijua hilo. Hakunisihi. Sikumlaumu, na afadhali angenisihi. Nilisema nitajibu jioni.

Nyumbani nilikwenda bandani nikaketi kwenye kiti changu. Mzee alikuwa ameshaanza kupanga chekeche za kahawa ukutani, zimefika usawa wa taa ya nyuma. Nilikaa na kujaribu kupiga hesabu ya namna nyingine. Mfadhili wa pili hakuwepo. Siku iliyobaki ilikuwa moja. Nikarudia hesabu, bado moja.

Dada yangu alinikuta humo, ameshika ungo.

"Kaka, kesho yule wa Songea anakuja. Nimwambie nini?"

"Yule mama anataka kiti changu."

"Nimesikia." Akapepeta kidogo. "Mume wangu leo amekula. Amekula akaomba tena."

Alikwenda zake, nami nikapiga simu.

"Mama, shikamoo. Nimekubali. Ila biashara bila nyongeza si biashara."

"Marahaba. Sema."

"Ukiandika njia, uihakiki mara mbili."

"Mara moja. Usipa uliooza huhitaji kunusa mara mbili."

"Mara mbili, mama. Na nati za magurudumu nahesabu mimi, hakuna anayeondoka kabla sijasema."

Nilisikia watu wakipakia magunia nyuma yake. "Haya. Mara mbili," akasema. "Na hicho kiti chako mkitoe. Mbavu bado zinaniuma."

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulifungua nati nne za kiti cha kushoto. Kwenye mzigo wangu wa vipuri nilikuwa na kiti kipana, kimetoka kwenye gari la mtu mnene mwenye amani. Tukiwa tunakifunga, kirikuu kiliingia uani. Mtu wa skrepa alishuka na mnyororo begani.

"Gari haliuzwi," nilimwambia.

"Nimetoka Songea."

"Najua. Pole."

"Nimechoma mafuta, siwezi kurudi mtupu." Macho yake yalikwisha kutua kwenye kiti kilichokuwa chini. "Na hicho?"

Nilimtajia bei. Alishika moyo. Alitaja yake, nikashika wangu. Tulipanda na kushuka kama kawaida, shemeji akiwa chini ya gari anakaza nati, akijifanya hasikii. Tulipokaribia kuelewana, yule mtu alikigeuza kiti, akapapasa kitambaa pale kilipobonyea.

"Kimetumika sana hiki."

"Kimetumika na mtu mmoja tu," nilisema, "tena alikuwa anasoma."

Akaongeza kidogo. Nilipokea hela, nikahesabu. Kisha nikaingia uvunguni na shemeji kuhesabu nati za kiti cha mama. Zilikuwa nne. Nikarudia.