Swichi ya Difu

Mteja wangu huyu, ambaye gari lake huvuta trela la mizinga ya nyuki porini, hajui kutulia. Afadhali hata nyuki wake. Anazunguka gereji akibonyeza kalamu, honi, taa, chochote kinachobonyezeka. Kufuli la trela analifunga, anapiga hatua tatu, anarudi kulivuta tena. Mkewe amekaa kwenye tairi kuukuu, anafuma, hainui kichwa. Wiki ya tatu hii swali ni lilelile: difu, ile gia ya ekseli inayogawia magurudumu nguvu, nimfungie inayojifunga yenyewe, au inayofungwa kwa swichi? "Ya kwanza inakuamulia," namwambia, "inajifunga hata ukiwa konani huku trela linakusukuma. Ya swichi unaamua wewe. Kwenye tope unabonyeza, magurudumu mawili yanavuta pamoja. Ukibonyeza kwenye lami kavu, umevunja ekseli." Leo alisimama ghafla, akaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. "Ya swichi," akasema. Nikamuuliza niiweke wapi, karibu na gia? Akatikisa kichwa. "Weka upande wa mama watoto. Mbali kabisa, nisiifikie." Mkewe akaendelea kufuma.