Mtoto wa mbwa aliyekataa maziwa, na mimi niliyemwombea arudishwe kwa mama yake

Wakuu, mwangaluka.

Jana nimesoma uzi wa kijana analalamika puppy wake mpya hali, halali, analia tu. Mkamshauri vet, dawa za minyoo, sijui stress. Na mimi nina langu. Ni bibi ninayekaribia themanini, sina sababu ya kuwaongezea chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Lalago. Baba na mama walikuwa wameachana. Kwa mila zetu, ng'ombe za mahari zikishalipwa watoto ni wa upande wa baba. Basi mama akarudi kwao Mkula, mimi nikapelekwa kwa shangazi, dada yake baba.

Mkula enzi hizo ilikuwa mbali kweli, msifikirie barabara za leo.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Ila jina la mama halikutajwa pale nyumbani, na mimi nikilia naulizwa nani kafa. Nikawa nalia kimoyomoyo.

Msimu wa kuchuma pamba, mume wa shangazi akaleta mtoto wa mbwa kutoka kijiji cha jirani, aje kulinda mbuzi. Nikakabidhiwa nimtunze.

Wakuu, yule mbwa alilia. Nikamlaza karibu na mafiga kwenye majivu ya uvuguvugu, wapi. Nikamchovya pua kwenye maziwa, akapiga chafya na kuendelea kulia.

"Asipokunywa leo, kesho namrudisha kwa mama yake," mume wa shangazi akasema. "Huyu atanifia bure."

Hapo akili yangu ya kitoto ikaamka. Kumbe anayelia sana anarudishwa kwa mama yake.

Nikaanza kumwombea asinywe. Maziwa nilimpelekea kama nilivyotumwa, ila moyoni nasema kaza hapo hapo mwenzangu. Akirudishwa yeye, na mimi nitalia mpaka wachoke.

Shangazi hakuwa na habari hizo. Akaenda kule alikotoka mbwa, akarudi na kipande cha gunia alichokuwa akilalia mama yake. Akakitandika pale kwenye majivu.

Yule mbwa akanusa, akazunguka, akajichimbia humo na kunyamaza. Alipoamka alikunywa maziwa mpaka tumbo likawa ngoma.

Watu wote wakafurahi. Mimi nikaangua kilio.

"Una nini wewe?" shangazi akauliza. "Si amekunywa?"

"Na mimi niletee gunia la mama."

Akaingia ndani, akatoka na khanga ya mama. Kumbe alikuwa ameificha, maana baba alitaka kila kitu cha mama kiondoke.

"Lala nayo," akasema. "Baba yako akija, nirudishie."

Ilinukia samli na moshi. Siku hiyo nilikula ugali nikamaliza.

Funzo langu ni dogo. Ukichukua mtoto wa mbwa, omba na kitambaa alicholalia mama yake. Ukichukua mtoto wa mtu, fanya hivyo hivyo.

Mama alifariki kabla sijafikia umri wa kumfuata Mkula. Harufu yake ilishaisha kwenye ile khanga zamani, na mimi bado niliendelea kuinusa.

Mnaolea watoto wasio wenu, njooni hapa mniambie: mmewaachia nini cha mama zao?