Maziko ya Dirishani

Nimefungua televisheni za watu kwa miaka mingi, lakini ya nyumbani kwetu sikuwahi kuilegeza hata skrubu moja. Mganga hajigangi. Mama alilalamika kwamba sauti inakwaruza, nikamwambia kesho. Akasema rangi zimefifia, nikamwambia kesho. Kesho zote hizo nilizimalizia Muhima, kwenye kijichumba changu cha ghorofa ya pili ninakotengenezea vioo vya wateja. Tena mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili msishangae mbele.

Mdogo wangu alifia Ubelgiji siku ya Jumatatu. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama, na huko alikuwa ameishi miaka kumi na minne. Mkewe alipiga simu mchana, wakati wa taarifa ya habari, na kufika jioni nyumba yetu ya Rwezamenyo ilikuwa imejaa. Dada yangu mkubwa alikuja na godoro lake. Majirani walileta viti, sufuria na kuni, wakatushika mikono wakisema "Mwihangane", yaani vumilieni, na kukaa kimya. Kwetu nyumba yenye msiba haipigi kelele. Redio ya jikoni ilikuwa imezimwa, na televisheni ya sebuleni ilikuwa imefunikwa blanketi la sufi la mama. Siku nne tukakaa nayo hivyo, hakuna aliyeligusa lile blanketi.

Alhamisi tukaambiwa kwamba mwili hautakuja. Mkewe na watoto wake wangemzika kule kule. Mama hakulia wala hakubisha. Aliuliza swali moja tu, "Kule nani atasimama naye?"

Sisi tulikulia Karagwe, ukimbizini. Baba alizikwa kule, kwenye mteremko wenye migomba, na watu wote wa mteremko ule walikuja, hata wale waliokuwa hawasalimiani naye. Mama husema hakumbuki neno lolote lililosemwa siku ile. Anachokumbuka ni miguu, miguu mingi iliyozunguka shimo, mingine peku, na kwamba ile miguu ndiyo iliyomzuia kuanguka. Sasa mama mmoja wa kanisani alikuwa amemwambia kwamba Ulaya mtu huzikwa na watu wanne na gari, nao wanatazama saa. Neno hilo lilimwingia likakaa.

"Mahubiri siyataki," aliniambia. "Nataka kuona ni nani amesimama na mwanangu. Nikiona yuko peke yake, basi nitajua yuko peke yake. Lakini nione."

Mke wa marehemu alituma linki. Maziko yangeonyeshwa moja kwa moja Jumamosi, saa tano ya kwetu. Simu haikumfaa mama: jicho moja lilifanyiwa upasuaji, la pili lina ukungu, na kioo cha simu kwake ni mwanga tu usio na kitu ndani. Kwenda kutazama kwa jirani nako hakukuwezekana, kwa sababu mama mfiwa hatoki nyumbani mwake kabla msiba haujaisha. Ilibaki televisheni yetu, inchi hamsini, mama akiikalia karibu kama mtu anayeota moto.

Ijumaa jioni niliondoa blanketi ili nijaribu. Mgongo wa televisheni ulikuwa wa moto. Taa ndogo ya chini ilikuwa inawaka kijani, maana yake chombo hakikuwa kimezimwa. Niliongeza sauti kwa rimoti na mtangazaji akasikika, lakini kioo kilikuwa cheusi tii. Nikazima taa ya chumba, nikawasha tochi ya simu na kuibana kwenye kioo kwa pembeni. Pale mwanga ulipogusa, uso wa mtangazaji ulionekana, hafifu, midomo ikicheza. Kwa fundi hilo ni jibu kamili. Picha ipo, bodi ni nzima, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma, zile nukta za mwanga zilizopangwa kwenye vipande virefu nyuma ya kioo ili kukiangaza.

Nililaza televisheni kifudifudi juu ya godoro la dada, nikafungua mgongo, nikatoa kioo taratibu kama mtu anayemgeuza mgonjwa, kisha karatasi zake nyeupe. Taa moja ikifa, huwa imeungua peke yake na nyingine zinamsubiri mwenzao. Hizi zilikuwa zimeiva zote, vifuniko vyake vimekuwa rangi ya chai. Nilizipima kwa mita moja moja na sindano haikutikisika. Siku nne usiku na mchana, chini ya sufi, bila hewa.

Hapo nikawaka.

"Nani aliyefunika televisheni inayowaka?" nilipaza sauti, na waliokuwa uani walinisikia. "Kuna mtu mwenye akili timamu anayeiviringishia blanketi televisheni inayowaka? Nyumba hii haina watu wazima?"

Dada yangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ni wewe, kaka," alisema. "Simu ilipoingia, ulibana rimoti mpaka sauti ikaisha. Ukaenda chumbani kwa mama ukachukua blanketi. Mimi nilikuwa nimesimama hapa mlangoni. Tuliona unafanya heshima."

Sikukumbuka. Hata leo sikumbuki. Lakini dada yangu hasemi uongo, na rimoti ilikuwa imekutwa mfukoni mwa koti langu Jumanne. Nilikuwa nimenyamazisha nyumba kama inavyotakiwa, nikasahau kwamba kunyamaza si kuzima. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jirani wa mlango wa pili, mwalimu aliyekulia Bujumbura, alikuwa amesikia kelele zangu. Aliingia na kofia mkononi.

"Pole, ndugu. Weye chukua ile yangu," alisema. "Iko pale tu ukutani, nani anaitazama? Mimi kesho alfajiri ninaenda Huye. Niitoe sasa hivi tuilete."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mimi ni fundi, dukani kwangu kuna vipande vya taa vya kila urefu, kesho asubuhi naruka Muhima na kurudi, saa nne televisheni inawaka. Akasema sawa, akaaga. Kilichokataa si akili, ni ile aibu. Fundi aliyeichoma televisheni ya mama yake hakutaka pia aazimwe ya mwalimu.

Jumamosi nilitoka saa moja na nusu, nikashangaa barabara. Hakuna pikipiki. Hakuna basi linaloteremka kwenda Nyabugogo. Maduka yote yamefungwa milango ya chuma, na watu wanashuka bondeni na majembe begani. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ilikuwa umuganda, asubuhi ambayo nchi nzima inafanya kazi ya mikono ya pamoja na hakuna duka linalofunguliwa kabla ya saa tano. Tangu nirudi nchi hii nimeshiriki umuganda pengine mara mia mbili, na bado niliusahau, kwa sababu siku za msiba hazina majina.

Nilikwenda kwa miguu. Geti la jengo letu lilikuwa na mnyororo, na mlinzi mwenye ufunguo alikuwa ameshika jembe mahali nisipopajua. Nilitikisa geti lile kwa mikono miwili kama mwendawazimu, nikapiga kelele, nikasubiri, nikapiga tena. Kisha nikapandisha kilima nikirudi, jasho limenilowesha mgongo. Mlango wa mwalimu ulikuwa na kufuli.

Saa nne na nusu. Mama alikuwa ameshavaa. Mshanana mweupe wa maziko, umefungwa begani, na mikono imelala mapajani. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni isiyokuwa na mgongo.

"Tayari, mwanangu?" aliniuliza.

Nikasema, "Mama, nimekosea." Nikamweleza yote: blanketi, mwalimu, umuganda. Alisikiliza. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

Dada yangu alivaa viatu. "Nakwenda mtaroni kwenye umuganda," alisema. "Nitaomba televisheni kwa yeyote." Mtaro ulikuwa chini kabisa bondeni, na nilijua hawezi kuwahi.

Nilibaki nikitazama kioo kilicholala godoroni. Ukikiondolea taa na zile karatasi zake nyeupe, kioo cha televisheni ni kitu kinachopenyeza mwanga, cha kijivu, chembamba kuliko kidole. Kinachotaka ni mwanga nyuma yake tu, hakiulizi unatoka wapi. Na dirisha la sebule yetu linaangalia uani, na uani kulikuwa na jua kali.

Nilisogeza meza dirishani. Nilikisimamisha kioo kwenye meza, kimeegemea nondo za dirisha, bodi zake zimelala pembeni na nyaya zake bapa zikining'inia, nami nikishika kingo zake kwa ncha za vidole, kwa maana kioo hicho ukikibana kidogo kimekwisha. Nyuma yake, upande wa nje, nilikuwa nimetundika shuka jeupe ili mwanga ulainike. Nikachomeka simu kwa waya. Nikawasha.

Picha ikaja. Ilikuwa ya giza kama maji ya majivu, lakini ilikuja: nyasi za kijani, barabara ya kokoto, gari refu jeusi.

"Sioni vizuri," mama alisema. Alikuwa ameleta kiti mpaka magoti yakagusa meza. "Toa hilo shuka."

"Nikilitoa utaona na uani, mama. Vitachanganyika."

"Litoe."

Nilipitisha mkono kati ya nondo nikalivuta. Jua likaingia lote. Rangi zikaamka, na sanduku likaonekana, la mbao nyepesi, limebebwa na wanaume wa kazi wenye glovu. Nyuma yao alitembea mkewe, na watoto wao wawili, na mwanamke mmoja mzungu mwenye mwavuli, na padri. Nilihesabu bila kutaka. Watano. Mama naye alihesabu, niliona midomo yake.

Waliweka sanduku juu ya mikanda. Padri alisoma. Mama akasema polepole, si kwangu, "Mana yanjye, Mungu wangu, watu watano." Nikajilaumu kwa kumwonyesha. Nilitamani kioo kivunjike mikononi mwangu.

Ndipo geti letu lilipofunguka. Dada yangu alitangulia, na nyuma yake waliingia watu wa mtaroni, wote, sijui thelathini, sijui zaidi, wameacha kazi na mkutano unaoifuata. Walikuja na majembe na makoleo yao, buti zimejaa tope. Mmoja alikuwa amekumbatia televisheni kifuani, imefungwa kanga. Walipoona dirisha, na mimi nyuma yake nimeshika kioo, walielewa kwamba maziko yanaendelea, wakasimama pale pale uani, wakavua kofia.

Kwa macho ya mama, walisimama ndani ya kioo, ndani ya picha yenyewe. Nyuma ya padri, nyuma ya sanduku, hadi kwenye ukingo wa kaburi, kulijaa watu wenye makoleo. Nilifungua kinywa niwafukuze, kwa sababu walikuwa wanaharibu picha.

"Waache," mama alisema. Aliinuka kwenye kiti. Uso wake ulikaribia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Sanduku lilikuwa linashuka, na miguu ya majirani zetu ilikuwa imelizunguka. Alitazama hivyo mpaka mwisho, mpaka wale wenye glovu walipoondoka na picha ikakatika, na nyuma ya kioo wakabaki majirani peke yao juani.

Kisha alitoka nje, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akachukua jagi la plastiki na beseni chini ya bomba. Kwetu waliotoka makaburini hunawishwa mikono nyumbani kwa marehemu, na hapo ndipo maziko yanapokwisha. Alimwendea aliyekuwa mbele, mzee mmoja mchimbaji, akamwinulia jagi.

Mzee alirudisha mikono nyuma. "Hapana, mama," alisema. "Sisi tunatoka umuganda. Hii iko udongo ya mutaro tu."

"Najua," mama alisema. "Lete mikono."

Akawanawisha wote, mmoja mmoja, na kila mmoja akatoa mikono yake yenye tope. Yule mwenye televisheni aliiweka chini kwanza. Maji ya beseni yalikuwa mekundu. Mimi nilisimama mwisho wa mstari na mikono yangu mikavu, iliyokuwa haijashika udongo wowote. Tangu ile simu ya Jumatatu nilikuwa sijalia. Mama alinimiminia, akanishika vidole akavisugua kimoja kimoja kama nilipokuwa mtoto, akasema, "Tumemzika, mwanangu," nikalia mbele ya majirani wote.